Subaru Forester ya 2014: uvungu wa milimita 220, na kinachobaki ukishapakia

Nianze na hukumu kwa ajili ya mwenye haraka. Kama kila siku unapita njia yenye matuta, mashimo na kipande cha vumbi, na gari lako hubeba watu pamoja na mizigo, Forester ya kizazi cha nne ni gari la kulitafuta. Kiwanda kinaandika uvungu, yaani nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari, wa milimita 220. Namba hiyo ndiyo iliyonifanya nilinunue, na ndiyo nitakayoizungumzia karibu mwanzo mpaka mwisho, maana injini, redio na viti vya gari hili wengine wameshavieleza vya kutosha.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ni kufika mahali ambapo barabara bado haijafika. Nyuma hukaa tripodi mbili, sanduku la kifaa cha kupimia, nondo, mfuko wa saruji wa kusimamishia bikoni, dumu la maji ya kunywa, na kwenye viti wanakaa wasaidizi wangu. Wikiendi gari hilohilo linabeba watoto na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua. Kwa hiyo ninalijua likiwa jepesi na likiwa limelemewa, na tofauti ya hali hizo mbili ni kubwa kuliko muuzaji yeyote atakavyokwambia.

Namba ya kwenye karatasi ina masharti yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 612 kinaangalia sehemu ya katikati ya tumbo la gari tu: asilimia 80 ya nafasi iliyo kati ya tairi la kushoto na la kulia. Kitu kinachoning'inia karibu na tairi hakimo kwenye hesabu. Tena mara nyingi namba zinazotangazwa ni za gari lisilo na abiria wala mzigo.

Basi nikalipima mwenyewe. Nililiweka juu ya sakafu ya zege, nikahakiki usawa wake kwa levo, nikajaza upepo wa matairi kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza. Likiwa tupu, tepu ilisoma milimita 216 mahali pa chini kabisa. Hapo sina neno. Meno ya tairi jipya huwa na kina cha kama milimita 8, na yangu yalikuwa yamebaki nusu, kwa hiyo zile milimita nne zilizokosekana zimeliwa na barabara. Kisha tukapanda watano, vifaa vyote vikiwa nyuma. Milimita 181.

Milimita 35 zimekwenda, na gari halijatoka hata getini. Mtu anayechagua gari kwa kulinganisha namba za mtandaoni hizi hazioni. Kwenye gari la juu zinakwenda bila kusikika. Kwenye saluni ya chini ndizo zinazoamua kama utafika salama au utaacha kipande cha ekzosi njiani. Saluni niliyokuwa nikiendesha kabla ya hili ilikuwa na milimita 150 kwenye karatasi; ikibeba watu watano ilibakiwa na mia moja na ushee. Sasa fikiria tuta. Uingereza, kanuni za mwaka 1999 zinataka tuta la barabarani lisizidi milimita 100 kwenda juu. Marekani matuta mengi ya mitaani hujengwa kwa inchi tatu hadi nne, yaani milimita 75 hadi 100, na hutandazwa kwa urefu wa futi 12 ili gari lipande taratibu. Hayo ni matuta yaliyojengwa kwa vipimo. Lile ambalo wakazi wamejimwagia wenyewe kwa hasira ya mwendokasi halina kanuni: jembamba, refu kwenda juu, kingo zake kali. Ukiwa na uvungu wa sentimita kumi na kitu, tuta la namna hiyo unalivuka kwa dua.

Kwa nini gari hushuka hivyo? Forester ina sasipenshoni huru mbele na nyuma: kila tairi linacheza peke yake, na tumbo la gari linaning'inia juu ya springi. Ukiweka uzito, springi zinabonyea, tumbo linasogelea ardhi. Magari yenye ekseli nzima, kama Suzuki Jimny, yana tabia tofauti. Pale sehemu ya chini kabisa ni kibuyu cha difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya kushoto na kulia), nacho kimebebwa na ekseli yenyewe, ambayo inakaa juu ya matairi. Pakia utakavyo, difu inabaki kwenye kimo chake kilekile, kinachoshuka ni bodi. Ndiyo maana Jimny, yenye milimita 210 kwenye karatasi, ikijaa mzigo huenda ikalipita jiwe ambalo gari la milimita 220 litaligonga. Kwa upande mwingine, difu ile ipo chini muda wote, hata ukiwa peke yako, na inabidi uikumbuke kila unapotaka kuweka jiwe katikati ya matairi.

Jambo la pili ambalo namba moja haliwezi kukwambia ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Gari refu hukalia tumbo upesi hata kama liko juu. Kinachotafutwa ni pembe ya mgongo ambao gari linaweza kuuvuka bila kukalia tumbo, na ikiwa kubwa ndiyo nzuri. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha uvungu mara mbili, gawa kwa umbali wa ekseli, tafuta pembe ya tanjiti hiyo, kisha izidishe mara mbili. Forester ina milimita 2,640 kati ya ekseli, na jibu ni kama nyuzi 19. Saluni yenye uvungu wa milimita 130 na ekseli zilizoachana kwa milimita 2,600 inapata nyuzi 11 na kidogo. Jimny, fupi ilivyo kwa milimita zake 2,250, inafika 21. Toyota Land Cruiser Prado ya 150, ambayo nayo inatajwa kuwa na milimita 220 lakini ekseli zake zimeachana kwa milimita 2,790, inapata kama 18. Matairi ni ya duara, hivyo pembe halisi huzidi kidogo, ila mpangilio wa nani anamzidi nani unabaki huohuo.

Naomba mtu asiitumie hesabu hiyo kusema Forester ni Prado. Uvungu ukishindwa, swali linalofuata ni nini kitakachokutana na jiwe. Prado imekaa juu ya chesisi ya vyuma viwili virefu na ina gia nzito za kutambaa. Forester ina bodi isiyo na chesisi ya kujitegemea, na injini yake imefunikwa kwa kinga nyepesi ambayo kazi yake kubwa ni kuzuia maji, tope na vijiwe. Milimita 220 za Forester ni za kukupitisha bila kugusa. Ukigusa, ujue unagusa vitu laini.

Hiyo 220 yenyewe haikutoka hewani. Sheria za nchi kubwa zinavutia watengenezaji kwenye kimo fulani. Marekani, gari likitaka kuhesabiwa lori jepesi kwa sifa za kwenda nje ya barabara, moja ya sifa hizo ni uvungu usiopungua sentimita 20, nyingine ni sentimita 18 chini ya ekseli. Umoja wa Ulaya nao, katika masharti yake ya magari ya nje ya barabara, unataja milimita 180 chini ya kila ekseli na 200 katikati. Faida ya kuitwa lori jepesi Marekani ni kulegezewa masharti ya matumizi ya mafuta, na Subaru yenyewe iliinua gari lake jingine, Outback ya modeli ya 2005, ili iingie kundi hilo. Sababu ilikuwa ya makaratasi. Kwa sisi tunaopita kwenye makorongo, matokeo yake ni mazuri mno.

Sasa barabarani.

Kwenye matuta gari hili linanifurahisha kuliko mahali pengine popote, na nasema hivyo kama mtu anayeyavuka asubuhi na jioni. Lakini hata uvungu mzuri unaharibiwa na mguu wa breki. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele, pua inainama, na sentimita kadhaa za mbele zinapotea wakati huohuo unaozihitaji. Madereva wengi wanapanda tuta breki zikiwa bado zimekanyagwa. Maliza kupunguza mwendo kabla, achia breki, pua inyanyuke, ndipo tairi la mbele liguse tuta. Kwa gari la chini, mbinu hii peke yake inatenganisha kukwaruza na kupita. Nimewafundisha wasaidizi wangu wote wanaoshika usukani, na sauti ya kukwaruza imekwisha.

Mashimo ni habari nyingine. Uvungu hausaidii tairi linapodumbukia shimoni, hapo kinachokuokoa ni unene wa ubavu wa tairi na urefu wa mchezo wa springi. Forester huja na matairi ya 225/60 (upana wa milimita 225, ubavu wa asilimia 60 ya upana huo) yenye rimu ya inchi 17 au 225/55 yenye rimu ya inchi 18, kutegemea toleo. Chukua yenye 17. Kipenyo cha nje ni karibu sawa, milimita 702 kwa 705, ila ubavu wa la 17 una milimita 135 na wa la 18 una 124. Milimita 11 za mpira kati ya rimu na ukingo wa shimo nazithamini kuliko rimu yoyote ya kung'aa.

Njia ya udongo iliyopitwa na malori inaacha mifereji miwili na mgongo katikati, na mgongo huo unalingana na matairi ya lori, haulingani na yako. Hapa ndipo zile milimita 181 zinapohesabiwa moja moja. Ninachofanya ni kuweka matairi ya upande mmoja juu ya mgongo na ya upande mwingine nje ya mfereji, gari liegemee kidogo, tumbo lipite juu. Kama udongo umelowa na pembeni kuna mteremko, sijaribu, nashuka kwanza nikatazama kwa miguu. Gari likishakalia tumbo, kuendeshwa na matairi manne hakukusaidii chochote, kwa sababu uzito umehamia kwenye tumbo na matairi yanazungukia hewani au kwenye tope bila kushika. Kitufe cha X-Mode, kwa matoleo yanayokuwa nacho, ni msaidizi wa kweli kwenye mteremko wa utelezi: kinagawa nguvu kwa upole, kinalizuia gari lisikimbie kushuka, na kinajizima ukifika kilomita 40 kwa saa. Lakini hakiongezi hata milimita moja ya kimo, na nimewaona watu wakikibonyeza gari likiwa limeshakaa juu ya mgongo.

Uvungu mkubwa unakushawishi pia kupita juu ya vitu. Jiwe lililo peke yake, kama limekaa imara na halitayumba, mara nyingi ni salama zaidi kulipandisha tairi kuliko kulipitisha katikati, kwa sababu tairi linapopanda linanyanyua gari. Na majani marefu makavu usiegeshe juu yake hata kama hayagusi kitu. Katalaiza ya ekzosi inafikia joto la mamia ya nyuzi, na majani makavu yanashika moto. Kazi yetu ni ya porini. Tunafyeka kwanza, halafu tunaegesha.

Maji yanahitaji onyo kali kuliko yote. Gari la juu linampa dereva ujasiri usiostahili anapokuta barabara imefunikwa na mto. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaonya kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha inchi 12, sentimita 30 tu, yanaweza kuchukua gari dogo, na futi mbili zinachukua magari mengi. Uvungu wa sentimita 22 hauko mbali na kina hicho. Gari likianza kuelea, kimo chake chote ni bure.

Kimo kina gharama, na kwenye Forester gharama hiyo ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Uthabiti wa gari dhidi ya kupinduka unakadiriwa kwa kuchukua nusu ya upana kati ya matairi na kuigawa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kadiri kitovu kinavyopanda ndivyo jibu linavyopungua. Gari lililoinuliwa huanza na hasara hapo. Injini ya Subaru imelala, pistoni zinacheza kushoto na kulia badala ya juu na chini, kwa hiyo uzito mkubwa wa mbele unakaa chini ingawa bodi imenyanyuka. Kwenye kona ya lami unalisikia linaegemea kuliko saluni, ila haliyumbi. Ukilifunga keria na kuweka tripodi na saruji juu ya paa unaifuta faida hiyo yote, kwa hiyo vitu vizito navilaza ndani, chini, karibu na migongo ya viti. Mafuta linakula zaidi ya gari la chini la uzito uleule, kwani linasukuma upepo mwingi zaidi, na mwenye safari ndefu za mwendo mkubwa ataliona hilo kwenye pampu.

Jambo ambalo halisemwi sana ni taa. Ukipakia nyuma, mkia unashuka, pua inanyanyuka, na taa zako zinawapiga machoni wanaokuja mbele. Kama gari lako lina kirungu cha kushusha taa karibu na usukani, kitumie kila unapopakia. Ni heshima kwa wengine.

Mama mkwe ana kipimo chake, nacho nakiheshimu kama changu. Kwenye saluni alikuwa anajishusha mpaka magoti yanalia, kisha kutoka ilibidi ashikwe mkono. Kwenye gari la shemeji yangu, ambalo liko juu kabisa, anahitaji ngazi. Kiti cha Forester kiko karibu usawa wa nyonga yake: anakaa, anageuza miguu, basi. Kwa nyumba yenye mzee hilo peke yake linatosha kuliweka gari hili juu ya orodha. Mlango wa nyuma nao hauko juu sana, mfuko wa saruji unaingia bila kuvunja mgongo. Na kuona nje ni rahisi, vioo ni vipana, nguzo ni nyembamba. Bado, mtoto mdogo aliyesimama karibu na boneti hutamwona. Zunguka gari kabla ya kuondoka.

Wengi wananiuliza kama waliinue zaidi. Fundi atakupa speisa za kuweka juu ya shokapu, na gari litanyanyuka siku hiyohiyo. Pembe ya ekseli fupi za kuendesha matairi inaongezeka, raba zake zinaumia, mkao wa matairi unabadilika na kuyala upande mmoja, na inabidi kupima alaimenti na kurekebisha taa upya. Kwa matumizi ya kila siku sioni haja. Tairi lenye ubavu mnene kidogo linafanya kazi ya heshima zaidi: kutoka 225/60 kwenda 225/65 kwenye rimu ya 17, kipenyo kinaongezeka milimita 22.5, uvungu unapanda kwa nusu yake, yaani 11, na spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 3 hivi. Hakikisha kwanza tairi haligusi popote usukani ukikatwa mpaka mwisho, na badilisha yote manne kwa pamoja, kwa sababu mfumo wa Subaru wa matairi manne unaumia kipenyo kikitofautiana.

Anayeendesha peke yake kwenye lami tupu simshauri alinunue kwa sababu ya uvungu. Atalipia mafuta ya kimo asichokitumia.

Anayelitaka, na analinunua likiwa limetumika, alale chini na tochi kabla ya kuzungumza bei. Tazama kinga ya chini ya injini kama ipo au imeng'olewa. Angalia sampo, yaani beseni la oili chini ya injini, kama ina kibonye, ekzosi kama imesuguliwa ikang'aa, raba za ekseli fupi kama zimechanika na kutema grisi. Pitisha mkono kwenye kingo za chini za milango, mahali pa kuwekea jeki, uone kama zimepinda: gari lililokalia mawe huonyesha hapo. Mwisho, chukua tepu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Pande mbili za ekseli moja zikipishana zaidi ya sentimita moja kwenye sakafu iliyo sawa, springi imechoka au imevunjika, na zile 220 ulizosoma kwenye tangazo hazipo tena.